Kwa Nini Walikimbia Dawa? Ebola na Haki za Watu wa Beni, Butembo na Kasindi, 2018–2020



Katika maandiko mengi yaliyokwisha kutolewa kuhusu Ebola ya Kivu ya Kaskazini, neno moja linarudi kila mara: ukaidi. Inasemwa kwamba watu wa Beni na Butembo walikataa chanjo, wakaficha wagonjwa, wakachoma vituo vya matibabu, wakawapiga na hata kuwaua watumishi wa afya. Yote hayo yalitendeka, na makala haya hayakusudii kuyafunika. Ila neno lenyewe linahukumu kabla ya kusikiliza. Watu hawa hawa humbeba mgonjwa kwa machela nusu siku nzima wakishuka milimani ili kumfikisha hospitali. Hawa hawa huchangishana franga kidogo kidogo ili zahanati ya kijiji ipate bati. Ilikuwaje basi wamkimbie daktari siku alipofika mwenyewe mlangoni pao, tena bila kudai malipo?

Anayetafuta jibu katika ugonjwa peke yake hatalipata. Inampasa arudi nyuma miaka minne kabla ya mgonjwa wa kwanza.

Tarehe 2 Oktoba 2014 yalianza kandokando ya mji wa Beni mauaji ambayo hadi leo hayajakoma. Wauaji waliingia vijijini kwa mapanga na mashoka, mara nyingi jioni watu wakitoka mashambani. Serikali ililitaja kundi la ADF, lililozaliwa Uganda na kujificha kwa muda mrefu katika milima ya Ruwenzori. Watu wa mpakani hawakuwa wageni wa jina hilo, kwa maana mnamo Novemba 1996 kundi hilo lilishambulia Mpondwe, ng'ambo ya mto tu kutoka Kasindi. Lakini baadaye ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa ziliwataja pia maofisa kadhaa wa jeshi la taifa kuwa walihusika katika baadhi ya mauaji ya Beni. Raia akabaki hajui akimbilie kwa nani. Tarehe 13 Agosti 2016 makumi ya watu walichinjwa Rwangoma, ndani ya mji wenyewe wa Beni, mahali palipokuwa na wanajeshi wa serikali na walinda amani wa kimataifa. Hao walinda amani nao hawakuwa salama: tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao kandokando ya mto Semuliki ilivamiwa, wakafa askari wa Tanzania zaidi ya kumi kwa usiku mmoja.

Hata kuhesabu maiti kulikuwa hatari. Padre Vincent Machozi, Mwasumpsionisti, alikusanya habari za mauaji na kuzitangaza kwa dunia. Aliuawa kwa risasi tarehe 20 Machi 2016, huko Vitungwe-Isale. Wenzake watatu wa shirika lile lile walitekwa Mbau tarehe 19 Oktoba 2012, na mpaka sasa hawajarudi. Haya yanatajwa ili msomaji wa mbali ajue ni watu wa namna gani walioambiwa, mnamo Agosti 2018, kwamba sasa kuna jambo la hatari.

Tarehe 1 Agosti 2018, Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Ebola iko Mangina, katika eneo la afya la Mabalako, magharibi mwa Beni. Wiki moja tu ilikuwa imepita tangu kutangazwa mwisho wa Ebola nyingine katika jimbo la Ekwateri. Ile ya Ekwateri ilidumu kuanzia Mei hadi Julai, ikashika watu 54 na kuua 33, kisha ikazimwa. Chanjo iliyotumika Ekwateri ndiyo iliyoletwa kwetu, na wataalamu wengi walikuwa wale wale. Kule walikuta mito mikubwa na njia mbovu, ila hawakukuta vita. Wakafika Beni wakidhani wamekwisha jifunza kazi.

Kwa Kongo, huu ulikuwa mlipuko wa kumi. Wa kwanza ulitokea Yambuku mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Kikatoliki, na ndio ulioupa ugonjwa jina la mto Ebola. Sisi Wakatoliki tunapenda kuwakumbuka masista waliokufa pale wakiwahudumia wagonjwa, na ni haki yao kukumbukwa. Ila historia inaongeza jambo lisilopendeza: sindano chache za hospitali ile zilitumika kwa wagonjwa wengi bila kuchemshwa ipasavyo, na kwa njia hiyo nia njema ikaeneza kifo. Katika Kikwit, mwaka 1995, masista sita wa Bergamo walikufa mmoja baada ya mwingine. Na Gulu, Uganda, mwaka 2000, Daktari Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor aliwatunza wagonjwa hadi naye akaanguka, akafa tarehe 5 Desemba. Kanisa halikuwa mgeni wa ugonjwa huu, wala Kongo haikuwa mgeni wake. Mgeni alikuwa Kivu ya Kaskazini.

Ndipo magari yalipokuja. Walioishi Beni na Butembo wakati ule hawahitaji kusimuliwa: magari meupe kwa makumi, nyumba za kupanga zilizopanda bei, hoteli zilizojaa, na vijana wageni wenye fulana za mashirika. Watu waliyaita yote kwa neno moja la Kifaransa, Riposti. Yaani mapambano dhidi ya Ebola pamoja na kila kitu kilichoyafuata: mishahara, magari, polisi, mahema, vipimajoto.

Mfikirieni mama wa Oicha au wa Mavivi. Usiku wa mauaji majirani walipiga simu, wakasubiri hadi alfajiri, na msaada haukufika. Miezi michache baadaye mtoto wa jirani anapata homa, na kabla ya saa sita mchana magari matano yamesimama uani, yakiwa na watu waliofunikwa mwili mzima kama viumbe wasio na uso, na nyuma yao askari wenye bunduki. Mama huyu si mjinga. Analinganisha. Anajiuliza kwa nini kifo kimoja kina magari na kingine hakina. Tena anajua kwamba malaria inaua watoto wake kila mwaka na hakuna aliyekuja kwa haraka hiyo. (Kwa haki niseme kwamba mwishoni mwa Novemba 2018 ilifanyika Beni kampeni kubwa ya kugawa dawa za malaria nyumba kwa nyumba. Ni kwa sababu homa ya malaria ilifanana na homa ya Ebola, na wagonjwa wa moja walikuwa wakiambukizwa nyingine katika vizahanati vya mitaani. Hapo malaria ilipata heshima yake, lakini kwa sababu ya Ebola.) Surua nayo, iliyoenea nchi nzima mwaka 2019 na mwanzo wa 2020, iliua Wakongomani zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Ni zaidi ya maradufu ya waliouawa na Ebola yetu, na haikuletewa hata sehemu ndogo ya fedha zile.

Utaratibu wa chanjo wenyewe ulizaa manung'uniko. Chanjo ilitolewa kwa mduara: kwanza waliomgusa mgonjwa, kisha waliowagusa hao. Kwa mtaalamu hiyo ni hekima, kwa kuwa dawa ilikuwa haba na ugonjwa hupita kwa kugusana. Kwa mtu wa mtaani ilikuwa fumbo: jirani yangu amechanjwa, mimi nimekataliwa, amelipa nini? Wajawazito na wanaonyonyesha waliachwa nje kwa miezi mingi, kwa hofu ya madhara yasiyojulikana, kisha mwaka 2019 wakaruhusiwa. Je, mtu awaze nini akiambiwa leo kwamba chanjo ni hatari kwa mke wake mjamzito, na kesho kwamba ndiyo itakayomwokoa? Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu njema, lakini hazikuelezwa kwa Kinande, wala kwa Kiswahili cha sokoni, mapema kama ilivyopasa.

Chini ya hayo yote kulikuwa na kumbukumbu ya wazee. Wakati wa Wabelgiji, malale ilipoenea, watu walipangwa mstari, wakachomwa sindano ya tezi shingoni na ya maji ya uti mgongoni, na wakakatazwa kusafiri bila cheti cha daktari. Katika bonde la Semuliki watu waliondolewa kwa sababu ya mbung'o, na ardhi kubwa ya bonde hilo ikaingizwa katika Parki ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Ugonjwa ulikuwapo kweli, nao uliua. Hata hivyo watu waliondoka kwa ajili ya afya, na hawakurudishiwa ardhi walipopona. Tusishangae basi kwamba wajukuu wao, walipowaona wageni wenye sindano na askari pamoja, waliuliza kwanza nia na baadaye dawa.

Tarehe 22 Septemba 2018, jioni, wauaji waliingia mji wa Beni na kuua raia kwa saa kadhaa. Siku zilizofuata wananchi walitangaza mji mfu: maduka yalifungwa na barabara zikawekwa mawe. Watu wa Riposti hawakuweza kutoka. Kwa siku hizo hakuna aliyefuatilia waliowagusa wagonjwa, na ugonjwa haukungoja. Ni hesabu ya wazi kabisa: mara nyingi shambulio la panga lilifuatwa, wiki kadhaa baadaye, na ongezeko la wagonjwa. Panga na kirusi vilisaidiana bila kujuana.

Kisha ukaja mwezi wa Desemba, ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha habari hii yote.

Uchaguzi wa rais, uliokuwa umecheleweshwa miaka miwili, ulikuwa ufanyike tarehe 30 Desemba 2018. Tarehe 26, siku nne kabla, Tume ya Uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi kule magharibi, hazitapiga kura hadi Machi 2019. Sababu zilizotajwa kwetu zilikuwa mbili: usalama na Ebola. Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Yaani wapiga kura zaidi ya milioni moja waliahidiwa kura ya rais baada ya rais kuapishwa. Wabunge walichaguliwa huku kwetu tarehe 31 Machi, lakini kura ya rais ya mwaka ule haikurudi.

Fikirini jambo hili lilivyosikika masikioni mwa watu. Tangu Agosti walikuwa wakihimizwa wasiogope: waende sokoni, wapeleke watoto shuleni, waende kusali, ilimradi wanawe mikono. Makanisa yalikuwa wazi. Tulikuwa tumeacha tu kupeana mikono wakati wa amani. Shule zilikuwa wazi. Wagombea walikuwa wamefanya mikutano yao hadharani. Ghafla jambo moja tu likawa hatari kwa sababu ya Ebola, nalo ni kuweka karatasi sandukuni, katika eneo lililojulikana nchi nzima kuwa ngome ya upinzani. Wale waliokuwa wakinong'ona kwamba Ebola ni mpango wa wanasiasa sasa hawakuhitaji kunong'ona tena. Tume ya Uchaguzi iliwapa ushahidi wenye mhuri.

Kesho yake, tarehe 27 Desemba, waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha kuwapokea watu waliodhaniwa kuwa na Ebola. Mahema yaliharibiwa, na wagonjwa waliokuwa wakisubiri majibu ya vipimo walikimbia. Kosa la kisiasa lililofanywa Kinshasa lilitua juu ya wagonjwa wa Beni; hawakuwa na hatia yoyote.

Lakini tarehe 30 Desemba lilitokea jambo ambalo magazeti ya nje yalilitaja kwa mistari michache tu, nami ningependa vijana wetu walisome shuleni. Wananchi wa Beni waliandaa uchaguzi wao wenyewe. Walitengeneza karatasi na masanduku, wakasimama mistari mirefu, na mlangoni waliweka maji ya kunawia mikono, kila mpiga kura akanawa kabla ya kupiga kura. Kura zile hazikuwa na nguvu ya kisheria. Hata hivyo zilikuwa hoja iliyo kamili kuliko hotuba yoyote: Ebola ipo, tunaijua, tunajilinda nayo, na bado sisi ni raia. Hao ndio wanaoitwa wakaidi.

Mwaka 2019 ulikuwa mbaya kuliko ule uliotangulia. Tarehe 24 Februari kituo cha matibabu cha Katwa kilishambuliwa na kuchomwa, na siku tatu baadaye kile cha Butembo. Madaktari Wasio na Mipaka waliondoka katika vituo hivyo, na mkuu wao wa kimataifa wakati huo, Joanne Liu, alisema wazi kwamba Riposti imeshindwa kupata imani ya watu. Wengine walichukua mkondo wa pili, yaani kuongeza walinzi wenye silaha. Kila askari aliyeongezwa alithibitisha kile ambacho watu walikuwa wakihofu.

Tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, watu wenye silaha waliingia katika Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, Butembo, watumishi wa Riposti wakiwa mkutanoni. Walimuua Daktari Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kamerun, aliyekuwa ametumwa na Shirika la Afya Duniani. Chuo kile ni mali ya jimbo letu. Kilianzishwa mwaka 1989 chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, yule yule aliyekuja kufukuzwa Bukavu na waasi wa RCD mwaka 2000 kwa sababu alisema wazi juu ya mateso ya watu. Ndani ya nyumba ya namna hiyo, mgeni aliyeacha familia yake ili atuhudumie aliuawa.

Hapa inatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo wenzetu wengi huyachanganya kwa makusudi. Kutoamini kulikuwa na sababu, na sababu hizo nimezitaja. Kuua hakukuwa na sababu. Tarehe 28 Novemba 2019, Biakato na Mangina, wanne wengine waliuawa usiku: mtu wa chanjo, madereva wawili na polisi. Madereva wale walikuwa wakitafuta mkate. Tena waliolengwa mara nyingi hawakuwa wageni hata kidogo. Walikuwa wauguzi na wahamasishaji wa vijiji vyetu, waliorudi jioni katika mitaa ile ile, bila gari jeupe wala mlinzi, wakakuta barua za vitisho zimesukumwa chini ya mlango. Wenye pasipoti waliweza kuondoka. Watumishi wa afya zaidi ya 160 waliambukizwa katika mlipuko ule, na karibu wote walikuwa Wakongomani.

Sasa tutazame Kasindi, kwa sababu mpaka unapima jambo hili vizuri kuliko mji wowote.

Kutoka Beni hadi Kasindi ni mwendo wa kilometa zaidi ya 80, ukipitia kando ya Ruwenzori. Mwishoni kuna forodha, malori, wabadilisha fedha, na mto Lubiriha ambao mtoto anaweza kuuvuka kwa miguu wakati wa kiangazi. Ng'ambo ni Mpondwe, wilaya ya Kasese, Uganda. Mkataba wa mwaka 1910 kati ya Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani ulipopanga mipaka ya nchi hizi, haukuuliza Wanande na Wakonzo kama wanataka kuwa mataifa mawili. Lugha ni moja, mazishi ni yale yale, na mashamba ya wengine yako upande mmoja na nyumba upande mwingine. Siku za soko la Mpondwe, Jumanne na Ijumaa, watu huvuka kwa maelfu, wengine darajani na wengine kwa njia za panya.

Mwanzoni mwa Juni 2019 familia moja ilifika Kasindi ikirudi Uganda. Mama wa familia, Mkongomani aliyeolewa Uganda, alikuwa amekuja kumwuguza baba yake, mchungaji, ambaye alikufa kwa Ebola. Pale Kasindi watumishi wa afya waliona dalili kwa baadhi yao, wakawatenga ili wapelekwe Beni. Sehemu ya familia hawakungoja. Waliondoka kimya, wakavuka kwa njia ya pembeni, wakampeleka mtoto wa miaka mitano katika hospitali ya Kagando. Tarehe 11 Juni Uganda ilitangaza kwamba Ebola imeingia. Mtoto alikufa, akafuata bibi yake, na mdogo wake wa miaka mitatu.

Wengi walilaumu familia ile. Mimi naona jambo moja linalopita lawama: walikuwa wakikimbia hospitali ili wafike hospitalini. Hawakumpeleka mtoto kichakani wala kwa mpiga ramli. Waliwapita madaktari wa upande mmoja wa mto ili wawafikie madaktari wa upande mwingine. Kilichokuwa tofauti ni imani waliyokuwa nayo: upande wa Kongo, kwao, palikuwa mahali ambapo babu alikufa, na kituo cha Ebola palikuwa mahali watu waingiapo bila kutoka.

Uganda ilikuwa tayari. Watumishi wa afya wa mpakani walikwisha kuchanjwa tangu Novemba 2018, kabla ya mgonjwa hata mmoja. Kituo cha Bwera kilikuwa na hema na watu waliofundishwa. Mnamo Agosti mwaka ule ule msichana wa miaka tisa kutoka Kongo aligunduliwa kwenye kituo cha ukaguzi Mpondwe, akatengwa, akafa, na ugonjwa haukupita zaidi. Mtu anaweza kujibu kwamba wagonjwa walikuwa wachache, hivyo mlinganisho si sawa. Ni kweli kwa sehemu. Lakini kama chanzo cha matatizo yetu kingekuwa mila na ujinga, kama ilivyoandikwa, basi Wakonzo wa Kasese, wenye mila zile zile, wangechoma hema la Bwera. Hawakulichoma. Wao hawakunyang'anywa kura kwa jina la Ebola, na miaka minne mfululizo ya mauaji haikuwa imewafundisha kwamba magari ya serikali hufika kwa kuchelewa.

Julai 2019 mgonjwa mmoja, mchungaji aliyetoka Butembo kwa basi, alifika Goma, na tarehe 17 Julai Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya dunia. Siku chache baadaye Waziri wa Afya, Oly Ilunga, alijiuzulu, na uongozi ukapewa Profesa Jean-Jacques Muyembe, yule aliyefika Yambuku mwaka 1976 akiwa kijana. Mwaka 2020 waziri yule wa zamani alihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa ubadhirifu wa fedha za Ebola. Basi hata usemi wa "biashara ya Ebola", ambao wageni waliuita uvumi, ulikuwa na kiini cha kweli.

Na kulikuwa na biashara chafu zaidi. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake Septemba 2021: wanaume 83 walituhumiwa kuwanyanyasa kingono wanawake wakati wa Riposti, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Wanawake na wasichana waliahidiwa kazi kwa sharti la mwili, au waliachishwa kazi walipokataa. Wengine walibeba mimba. Nimeisoma habari hiyo mara kadhaa, na kila mara nawakumbuka akina mama waliosema sokoni, tangu mwaka 2019, kwamba kazi za Riposti zina bei. Tuliwaambia wasieneze maneno.

Kilichogeuza mambo mwishoni hakikuwa bunduki. Dawa yenyewe ilisaidia: Agosti 2019 ilitangazwa kwamba, kati ya dawa nne zilizojaribiwa Beni, Butembo na kwingineko, mbili zinaokoa. Kwa aliyefika mapema, kifo kilishuka hadi takriban mtu mmoja kati ya kumi. Moja ya dawa hizo ilitokana na damu ya Mkongomani aliyepona Kikwit mwaka 1995. Kwa bahati mbaya habari hiyo ilitangazwa sana Ulaya kuliko Katwa. Katika kituo cha Beni viliwekwa vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, familia ikaweza kumwona mgonjwa wake, kuzungumza naye na kusali naye, badala ya kupokea mfuko uliofungwa. Wanawake waliopona, wakiwa na kinga mwilini, waliajiriwa kuwabeba watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Mtoto akabebwa na mikono isiyovaa mpira, wimbo ukaimbwa kwa Kinande. Machifu, mapadre, wachungaji, maimamu na vijana wa mitaa waliachiwa kueleza mambo kwa maneno yao.

Tarehe 25 Juni 2020 mlipuko ulitangazwa kwisha, baada ya siku 42 bila mgonjwa. Watu 3,470 walikuwa wameugua, 2,287 wamekufa, 1,171 wamepona. Zaidi ya 300,000 walichanjwa, hesabu ambayo peke yake inatosha kukanusha neno "ukaidi".

Ebola ilirudi Februari 2021, Butembo na Biena, kwa mke wa mtu aliyewahi kupona. Ikashika watu 12 ikaua sita, na Mei ikazimwa. Oktoba ikatokea Beni, watu 11. Safari hizi kazi ilishikwa zaidi na watumishi wa hapa hapa, magari yalikuwa machache, na hakuna hema lililochomwa kama zamani. Wakati huo huo, tangu tarehe 6 Mei 2021, jimbo lilikuwa limewekwa chini ya utawala wa kijeshi ili mauaji yakome.

Hayakukoma. Jumapili, tarehe 15 Januari 2023, bomu lililipuka Kasindi katika kanisa la ndugu zetu Wapentekoste, wakiwa katika ibada ya ubatizo. Zaidi ya watu kumi walikufa na makumi wakajeruhiwa. Miezi mitano baadaye, usiku wa tarehe 16 Juni, wauaji walivuka mpaka wakaua zaidi ya watu 40 katika shule ya sekondari ya Mpondwe, wengi wao wanafunzi. Watu wa Kasindi walivuka daraja kwenda kulia na wenzao, kama wale wa Mpondwe walivyokuwa wamevuka Januari. Majeruhi wengine wa bomu lile walisafirishwa hadi hospitali za Beni, kwa barabara ile ile ambayo familia ya Juni 2019 ilikuwa imeikataa.